Jibu kwa aliyeuliza: niache kuimba hotelini Malindi niende Italia?

Mdogo wangu, umesema unaimba hoteli moja hapo Casuarina, Mtaliano mmoja amekusikia na kukualika Bologna, na sasa hujui uende au ubaki. Mimi nilitoka Malindi hivyo hivyo, nakujibu kwa yaliyonipata. Hao wanaokwambia "nenda tu, nyota yako imewaka" wasamehe, si wao walipao nauli.

La viza nipite haraka. Ile ya kutembea ni siku 90 ndani ya 180, ada yuro 90, na si ruhusa ya kufanya kazi. Mtu akikwambia uje nayo "halafu tutaona", ujue atakayeona ni wewe. Mimi nilingoja ya muda mrefu. Ukiingia na hiyo una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kuishi. Zangu karibu zote ziliishia kwenye foleni ya posta, nikipeleka maombi hayo.

Shughuli ni nyimbo. Hotelini tumezoea kuimba za kukaribisha wageni, na zile za Kitaliano za zamani zinazowaliza wazee wa Milano. Kule hakuna anayezitaka kwako, wanazo. Wanataka zako. Ukumbi wa kwanza nilipanda na zangu tano. Tano! Dakika ishirini na mbili zimekwisha, watu bado wamekaa, nikarudia wimbo wa kwanza.

Nikishuka, mwenye ukumbi akanipa karatasi wanayoiita borderò: niandike kila wimbo nilioimba na mtunzi wake, ipelekwe SIAE, chama chao cha haki za watunzi. Nikabaki na kalamu mkononi. Wimbo wa pili niliutunga mimi, lakini kinanda alipiga jamaa wa studio huko nyumbani. Siku tuliyorekodi tulikunywa chai kwa mahamri, mambo ya mgawo tukasema "tutajuana". Tulipokuja kujuana, akadai nusu, na mafaili yote yalikuwa kwenye kompyuta yake. Wa tatu, sauti yake, yaani lahani, ni ya vugo, naisikia kwa kina bibi harusini tangu mdogo. Maneno ndiyo yangu. Niandike wote ni wangu? Huo si wizi? Nikaandika sauti ya mapokeo, maneno yangu. Na baada ya kujikuna kichwa kote huko sikupata hata senti, maana sikuwa nimejiandikisha chama chochote, si kwetu si kwao.

Kwa hiyo kabla hujashona nguo za safari, fanya karatasi moja kwa kila wimbo: maneno ya nani, sauti ya nani, asilimia ngapi, sahihi chini. Mtake fundi wa studio akupe faili la kila ala peke yake, usiridhike na ule mchanganyiko wa mwisho. Jiandikishe kama mtunzi. Usiniambie habari za kupata pesa Spotify, ule mtandao wa kusikilizia muziki. Tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi kitu.

Na gitaa! Malindi adui ni chumvi ya bahari, nyuzi hazichelewi kushika kutu. Kule adui ni ukavu wa nyumba zilizopashwa moto. Baridi yangu ya kwanza niliegemeza langu karibu na kipasha joto, usiku nikasikia "ta!", kulipokucha uso wake una ufa wa kuingia ukucha. Fundi alinicheka, kisha akanifunza: sponji iloweshwe, ikamuliwe, iwekwe ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, kikae kwenye begi la gitaa. Mpaka leo natumia kisanduku nilichotoka nacho nyumbani.

Ukiniuliza mimi, nenda, lakini si sasa. Imba msimu huu wa Disemba hadi Pasaka, uweke pesa na umalizane na wa studio. Masika yakianza, hoteli nyingi zinafunga na hata hapo ungekuwa umekaa bure. Tena kule utakuta baridi imeanza kupungua.