Kabla hamjabonyeza stopwochi

Rundo la ripoti za pendulamu, ile gololi inayoning'inia kwenye uzi, limenifikia tena, na tena g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, imetoka 10.9 badala ya 9.8. Majedwali masafi, grafu zimenyooka, na hitimisho ni lilelile la kila mwaka: "tofauti imesababishwa na upinzani wa hewa." Wadogo zangu, hewa huchelewesha pendulamu. Kipindi, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, kikirefuka, g hushuka. Ya kwenu imepanda! Mngejiuliza tu kosa linasukuma upande gani, msingeiandika sentensi hiyo. Nawapenda, na ndiyo maana leo nitasema kwa ukali kidogo.

1. Anzeni kuhesabu na sifuri.

Nimesimama nyuma yenu nikawatazama. Mmoja anaivuta gololi pembeni, mwenzake ameshika stopwochi. Gololi inaachiwa, kidole kinabonyeza, na papo hapo mdomo unasema "moja". Moja ya nini? Bado haijaenda wala kurudi. Mkifika "ishirini" na kusimamisha saa, gololi imemaliza mizunguko 19. Kwa uzi wa mita 1, kipindi ni kama sekunde 2, kwa hiyo saa inasoma sekunde 38 hivi badala ya 40. Mnagawanya kwa 20, mnapata 1.9. Na kwa kuwa g inategemea kipindi kikiwa kwenye kipeo cha pili, kosa la asilimia 5 linakua likawa zaidi ya 10. Hiyo ndiyo 10.9 yenu.

Kinachoniumiza zaidi ni kinachofuata. Mnarudia jaribio mara tano, majibu yanakubaliana vizuri, na mnafurahi. Lazima yakubaliane, maana mmekosea namna ileile mara tano. Kurudia kunapunguza makosa ya nasibu, yale ya kidole kuwahi au kuchelewa. Kosa la kimfumo kunaliacha palepale, tena kunalipa sura ya ukweli. Wastani haujawahi kumponya mtu aliyeanza kuhesabu vibaya.

Basi semeni "sifuri" kidole kinapobonyeza. Kwa sauti.

2. Mengine ya pendulamu, kwa haraka. Bonyezeni gololi inapopita katikati, penye alama, kwa sababu hapo ina mwendo mkali. Kule mwisho inasitasita na jicho halijui lini imegeuka. Pimeni mizunguko mingi: kidole kinachokosea sekunde 0.2 kinaharibu asilimia 10 ya mzunguko mmoja, lakini asilimia 0.5 tu ya mizunguko 20. Pembe iwe ndogo. Ukiivuta hadi digrii 30, kipindi kinarefuka kwa karibu asilimia 2. Na kioo cha saa kuonyesha sehemu za mia za sekunde hakumaanishi kwamba mkono wako unazijua.

3. Msilidharau jambo la kuhesabu mkadhani ni la wanaoanza. Kila saa inafanya hivyo tu: inachukua kitu kinachojirudia na kukihesabu. Zamani sekunde ilikuwa sehemu moja ya 86,400 ya siku, mpaka ikadhihirika kwamba dunia yenyewe haizunguki kwa usawa. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry walitengeneza saa ya atomu za seziamu nchini Uingereza, na tangu 1967 sekunde ni mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa seziamu 133. Namba ndefu, kazi ileile. Hata hivyo, kila saa inahesabu muda wa mahali ilipo. Mwaka 2010, huko Boulder, Marekani, wanafizikia waliinua saa moja ya atomu kwa sentimita 33 tu na wakaona inakwenda haraka kuliko mwenzake. Nikilifikiria jambo hilo, bado nasisimka.

4. Jueni ishara inachelewa wapi kabla ya kuifikia saa.

Septemba 2011 kundi la wanafizikia la OPERA lilitangaza kwamba neutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizotoka CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, zimefika maabara ya Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zikiuwahi mwanga kwa nanosekunde 60. Data zilikuwa nyingi na kosa la nasibu lilikuwa dogo mno kuweza kueleza tofauti hiyo. Baadaye kebo moja ya faiba, inayopitisha ishara kwa mwanga, iliyoleta ishara ya GPS kwenye saa kuu, ikakutwa haijakazwa sawasawa. Kulikuwa na hitilafu nyingine kwenye saa yenyewe, nayo ilisukuma upande wa pili. Vipimo vya 2012 havikuonyesha neutrino kuupita mwanga. Ninawaheshimu kwa kuweka matokeo yao wazi na kuwaomba wengine wayakague. Lakini oneni: maelfu ya matukio yalipimwa, na yote yalibeba kosa moja, kama "moja" yenu ya kwenye pendulamu.

Kwenye benchi letu mambo ni hayohayo. Katika kebo ya koaksia, ile kebo ya maabara yenye waya katikati na ganda la chuma, ishara huchukua takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, kwa hiyo vitambuzi viwili vyenye kebo zisizolingana vitawadanganya kila mara kwa kiasi kilekile. Pelekeni ishara moja kwenye njia zote mbili, someni tofauti kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora ishara kwenye kioo, iandikeni daftarini pamoja na urefu wa kila kebo. Na mtu akibadilisha kebo, hata kwa sababu ya usafi wa meza, pimeni upya.