Jibu: Impact kwenye bango zima?

Mkuu, umeuliza kama fonti ya Impact inaweza kubeba bango zima la bonanza, kuanzia kichwa hadi namba za simu. Kichwa, ndiyo. Namba na maelezo, hapana.

Geoffrey Lee aliichora kwa ajili ya matangazo, na kiwanda cha herufi za chuma cha Stephenson Blake, Sheffield, Uingereza, kikaitoa mwaka 1965. Itazame vizuri: herufi ndogo zimepanda karibu zifikie kubwa, mikia ya g na p imekatwa, na matundu ya ndani ya a na e ni membamba mno. Wino mwingi, uwazi kidogo. Ukiishusha hadi saizi 10, matundu yanajiziba na msomaji anabaki na mistari myeusi.

Kwetu ina faida moja kubwa, maana maneno ya Kiswahili ni marefu. TUNAWAKARIBISHA kwa fonti pana itakulazimisha kupunguza saizi. Impact imebanwa ubavuni, hivyo neno linakaa mstari mmoja likiwa bado kubwa.

Usibonyeze kitufe cha kukoleza. Tayari ni nene, programu itaivimbisha tu. Wala usiivute ijaze nafasi (naona wengi wanafanya hivi, inaudhi). Ukitumia herufi kubwa tupu, sogeza mistari ikaribiane.

Maelezo yaandike kwa Arial au Open Sans. Na yale maandishi meupe yenye ukingo mweusi juu ya picha, achana nayo: watu watadhani ni utani wa mtandaoni.