Niliyoyaona nikiwa na banda la gemu Mwanjelwa

Kwa miaka mitatu nilikuwa na banda la gemu Mwanjelwa, hapa Mbeya. Runinga nne, pedi nane, mbili kati ya hizo zimezungushiwa selotepu, na pazia la kitenge mlangoni la kuzuia baridi ya Juni. Banda nilishalifunga, lakini wazazi bado wananisimamisha njiani: "Hivi haya magemu ya kuuana hayatuharibii watoto?" Naandika nijibu mara moja kwa wote.

Kwanza, ngumi karibu zote nilizoamulia pale zilianzia kwenye gemu ya mpira. Mtu kafungwa dakika ya tisini, wenzake wanamzomea, na mia tano ya dau ndiyo hiyo imekwenda. Pedi inapigwa ukutani. Wale wa gemu za bunduki walikaa kimya kama wako ibadani. Nilipopiga marufuku dau, pedi zikaanza kudumu.

Lakini sijivui lawama. Kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu aliyependa ile gemu ya kuiba magari na kugonga watu barabarani. Boksi lake lina namba 18, yaani si ya mtoto. Bandani hakuna boksi. Tulicheza CD za kuchoma, jina limeandikwa kwa kalamu ya maka. Nilijua, na mia mbili yake niliipokea kila siku akitoka shule. Jioni moja umeme ukakatika. Wenzake wakapiga mluzi, wakatoka. Yeye akabaki kwenye benchi, macho kwenye kioo cheusi, vidole gumba vikiendelea kubonyeza pedi. Nilipomgusa bega alishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Wiki hiyohiyo bibi yake akaja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu usiku anaota anapiga kelele. Na hela ya chumvi inapotea."

Hakugomba. Afadhali angegomba.

Alipoondoka ndipo nilipoanza kusoma, kwa kuchelewa. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilisema mwaka 2015 kwamba gemu za kikatili zinahusiana na ukali wa tabia. Mwaka 2020 kikafafanua: uhusiano upo ila ni mdogo, na ni kwenye mambo kama kufoka na kusukumana; kusema gemu ndizo zinazoleta ukatili mkubwa, ushahidi hautoshi. Watafiti wa chuo cha Oxford nao mwaka 2019 walichunguza vijana wa Uingereza kama elfu moja. Ukatili wa gemu waliupima kwa alama rasmi za umri, na kuhusu ukorofi wakawauliza walezi. Hawakuona uhusiano. Kwa hiyo anayekuambia mwanao atakuwa jambazi anakutisha bure. Ila hao vijana walikuwa na miaka 14 na 15. Wangu wa kwenye benchi alikuwa na tisa.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linautaja ugonjwa wa gemu, na wala halihesabu maiti kwenye kioo. Linaangalia mtu anayeshindwa kujizuia, anayeiweka gemu mbele ya kila kitu na kuendelea hata inapomuumiza, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima au zaidi. Usingizi na hela ya chumvi: bibi aliona mapema kuliko mimi.

Basi kama mwanao ni mdogo, uliza jina la gemu anayocheza, kisha tafuta namba yake ya umri mtandaoni. Usitegemee mwenye banda akulelee. Simu ilale chumbani kwako. Na usimzimie katikati ya mechi, tafadhali. Mechi nyingi za simu hazina pa kusimamia, na kumkatisha hapo ni kutafuta vita vya bure. Mwambie, "Ukimaliza hii, basi," halafu simama hapo mpaka amalize. Ukiondoka, ataanza nyingine.

Kubwa zaidi, cheza naye. Mimi nilijifanya mtaalamu wa magemu hadi mwanangu wa miaka kumi na mitatu aliponipa simu niingie kwenye gemu yake ya bunduki. Nilikufa kabla sijajua bunduki inaokotwaje. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwomba na spika za masikioni, nikasikia sauti nzito ya mwanamume ikimwita mwanangu kwa jina na kumuuliza kama wazazi wamelala.

"Huyu nani?"

"Ni wa timu yetu, baba. Simjui, ila anatupa silaha."

Sikufoka. Nilimwomba anionyeshe sauti za watu wasiojulikana zinazimwaje, tukazizima pamoja, kisha nikamwambia anisimulie kila kitu ambacho yule mtu amewahi kumuuliza. Tulikaa mpaka saa tano usiku.