Mnaoomba ruzuku za afya ya watoto kijijini, anzieni zahanati

Naulizwa sana kuhusu hela za wafadhili za afya ya watoto, hasa na vikundi vya vijijini huku kwetu Tanzania, na karibu wote wanataka kitu kimoja, "kaka tutumie linki". Linki sio shida jamani. Shida mtu anafungua fomu kwanza halafu ndo anaanza kutafuta tatizo la kijiji litakaloendana na fomu, na anayesoma anashtuka mapema tu, ameshasoma maandiko ya kopi-pesti mpaka yamemtoka puani.

Nenda zahanati. Muombe mganga mfawidhi jumla za MTUHA (kumbukumbu za wagonjwa na huduma za kituo) za mwaka mzima, mwezi kwa mwezi (jumla tu, majina ya watoto hayakuhusu), wangapi walikuja na kuhara, malaria, nimonia, wangapi hawakurudi kwenye chanjo ya surua ya miezi 18. Kuna kikundi nilikisaidia, walikuwa wameshapitisha kwenye kikao kwamba wanaomba gari la wagonjwa, tulipokaa na zile namba tukakuta kuhara kunapanda ile miezi ambayo watu wanachota maji ya kuchimba korongoni, basi habari ya gari ikaishia hapo. Wakaomba matenki ya kuvuna maji, dawa ya kutibu maji, na mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuhusu ORS (ile pakiti ya kuchanganya na maji kurudisha maji mwilini) na zinki, maana kuhara kukikata tu mama anaacha kumpa mtoto zinki wakati dozi ni siku 10 mpaka 14. Ombi dogo, likapita. Na hata gari lingekuja, mafuta angeweka nani?

Kwenye lishe ndo watu wanachemka zaidi. Utafiti wa taifa wa 2022 unasema asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na kila andiko linaweka hiyo namba, sawa, ila ya kijiji chako iko wapi? Halafu bajeti ina mizani tu. Mizani haikuonyeshi udumavu, udumavu ni urefu kwa umri, kwa hiyo weka ubao wa kupimia urefu, na tepe za kupimia mzunguko wa mkono kwa ajili ya utapiamlo mkali (chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo mtoto anapelekwa kituoni siku hiyohiyo). Afisa lishe wa wilaya atakusaidia hapo, na barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya ina uzito kuliko kurasa kumi za maneno matamu.

Soma pia mfadhili analipa nini. Ruzuku ya Kusanone ya ubalozi wa Japani kwa mfano inajenga na kununua vifaa, mishahara na gharama za kuendesha hailipi, sasa wewe ukijaza posho za semina unajikata mwenyewe. Mimi posho nyingi nikiziona tu najua mradi ni wa wajumbe, sio wa watoto. Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu ni mkopo, unarudishwa, msichanganye.

Risiti nazo. Fundi wa kijijini hana mashine ya EFD (ya risiti za kielektroniki), kwa hiyo muulize mfadhili KABLA kama hati ya malipo yenye saini inatosha, usisubiri wakati wa ripoti. Kama ni NGO na mkataba unazidi milioni 20 za Tanzania, kuna taratibu za kuupeleka kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 baada ya kusaini, hilo wengi wanalisahau kwa furaha ya hela kuingia.

Mwisho kuna hawa wanaokuja inboksi, "andiko lenu limepita, tumeni laki mbili ya kufungulia faili". Hakuna mfadhili wa hivyo, bloku.