Mgonjwa bila atendanti

Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama kuna msomaji amewahi kusafiri peke yake kwenda hospitali ya mbali kuona daktari bingwa, na alijipangaje. Mimi nimefanya hivo, nilitoka Koboko, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikaenda Kampala kupigwa mionzi ya kansa ya shingo ya kizazi. Naandika kirefu manake kila nikisimulia hii habari watu wanataka kusikia nililia usiku ngapi, na mimi nataka kuongea habari ya mikono, yaani nani wa kukusaidia kazi ukiwa mgonjwa.

Hospitali zetu hapa Uganda, hasa za serikali, zinamhesabu mgonjwa kama watu wawili, yaani mgonjwa na atendanti wake. Atendanti ndo anaamka saa kumi na moja alfajiri kuweka faili kwenye laini ya foleni, ndo anapeleka damu maabara, anakimbia famasi ya nje kutafuta dawa iliyokosekana ndani, anatafuta posho, yaani ugali, na maharagwe, anafua, anakaa na simu na begi wakati wewe umeitwa ndani, usiku anatandika mkeka chini ya kitanda chako analala hapo. Hakuna mahali pameandikwa hivo lakini kila mtu anajua. Hata musawo, yaani daktari, akiwa na karatasi ya kukupa, macho yake yanapita bega lako kutafuta nani amekuja na wewe.

Sasa mimi sikuwa na mtu nyuma ya bega. Baba watoto alishatangulia mbele ya haki, kijana wangu yuko Juba anauza spea za pikipiki, binti alikuwa amejifungua hata arobaini haijafika, dada yangu ndo alibaki na duka na mbuzi na wajukuu. Halafu piga hesabu, nauli ya watu wawili, kula watu wawili, kulala watu wawili, wiki baada ya wiki. Nikasema hiyo pesa ya mtu wa pili nitakula mimi mwenyewe mayai na matunda nipate damu, mikono nitaitafuta huko huko. Watu wa kwetu walishtuka, ati mwanamke wa Kinubi, kabila letu, anasafiri mgonjwa bila mtu, wengine wakashauri ningoje mpaka simsim (ufuta) ivunwe ndo shemeji apate nafasi anisindikize. Mi nikawauliza, na hii kitu ndani yangu nayo itangoja simsim?

Kuna jirani mwingine yeye alisema nisijisumbue kabisa kwa sababu mashine ya mionzi ya Mulago, hospitali kubwa ya serikali Kampala, imekufa. Hiyo habari ilikuwa ya kweli lakini ya zamani. Ile mashine ya kobalti ilikuwa inafanya kazi tangu 1995, ikaharibika kabisa 2016, na ndo ilikuwa pekee ya mionzi nchi nzima, wagonjwa wengine ikabidi waende Nairobi. Mpya ilizinduliwa Januari 2018 na baadaye zikaongezwa zingine. Miaka yote hii bado kuna mtu kijijini anakaa na maumivu yake kwa sababu ya habari ya 2016! Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi omba musawo aliyekuandikia barua ya rufaa apige simu kule aulize kama mashine inafanya kazi na kliniki yako ni siku gani. Wangu alipiga tukiwa wote ofisini kwake, akaniandikia siku nyuma ya karatasi.

Safari yenyewe sitaisema sana, ni karibu kilomita 500 kutoka Arua na kutoka kwetu Koboko unaongeza zingine kabla hujafika hata Arua. Nilichagua basi ya mchana manake nilikuwa bado natoka damu na usiku huwezi kuomba gari isimame popote. Nilimwambia kondakta mapema kabisa mimi ni mgonjwa, nikiinua mkono usiniulize maswali simamisha tu, na alifanya hivo, isipokuwa pale darajani Karuma ambapo hakuna gari inasimama. Weka siku moja ya ziada pia, mnakumbuka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa ukarabati mabasi yetu yakawa yanazungukia njia ya mbugani. Na kitu moja ambayo hakuna mtu aliniambia, nilisikia tu kwa mama mmoja ndani ya basi: kama unaenda Mulago usiende mpaka Arua Park, kituo cha mabasi yetu katikati ya mji. Basi za kutoka kaskazini zinapita Kawempe na Bwaise zinakuja Wandegeya, shuka hapo, Mulago iko karibu, badala ya kwenda kusukumana na mizigo mjini halafu ulipe boda ikurudishe kule ulikotoka.

Karatasi. Barua ya rufaa, majibu ya kinyama walichokata Arua kikapimwa, kitambulisho cha taifa, vyote na fotokopi zake ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) mbili, na kila kimoja nilipiga picha kwa simu nikamtumia kijana Juba. Pesa sikubeba mfukoni zaidi ya ya siku mbili, zingine zilikuwa zinatumwa kwa mobail mani kila wiki.

Sasa kulala. Wengi mtasema si una ndugu Bombo, ule mji ulio kaskazini ya Kampala, Wanubi wamejaa pale, kaa kwao uwe unaenda asubuhi unarudi jioni. Na mimi nilidhani hivo. Lakini sikilizeni mionzi ya sehemu hizo inavyokwenda. Ni Jumatatu mpaka Ijumaa, kila siku, dakika chache tu ndani ya mashine halafu unatoka. Kabla ya kuingia unaambiwa ukojoe umalize, halafu unakunywa maji kama nusu lita na unangoja mpaka kibofu kijae ndo unaitwa, kwa sababu kibofu kikijaa kinasukuma utumbo pembeni usiungue bure. Laini ikichelewa unabana. Halafu wiki zikisonga tumbo linaanza kuharisha na mwili unachoka uchovu ambao hata kulala hauishi. Sasa uwe mtu wa hivo ndani ya takisi (daladala) kwenye jam ya Kawempe saa moja na nusu asubuhi, mtu katikati ya mapaja ya abiria wengine, hapana. Bombo nilienda kula Jumapili. Chumba nilitafuta pale pale ambapo naweza kutembea kwa miguu, kidogo, choo cha nje lakini karibu, na hiyo ya choo karibu ndo niliangalia kuliko kitanda. Kama pesa haitoshi uliza wafanyakazi wa jamii pale hospitali, kuna nyumba za msaada zinazopokea wagonjwa wa kansa wanaotoka mbali, nafasi huwa zinajaa lakini jina lako likiandikwa mapema ni afadhali.

Turudi kwa mikono. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikatazama tu nani amekuja na nani. Kulikuwa na mama wa Lira, ugonjwa wetu mmoja, amekuja na mtoto wa dada yake, msichana wa miaka ishirini hivi, mwepesi, anajua kila dirisha linafunguliwa saa ngapi. Nikaongea naye na shangazi yake wazi wazi bila kuzunguka: mimi sina mtu, msichana wenu akiweka faili yenu kwenye laini aweke na yangu, akienda maabara abebe na damu yangu, mimi nitakuwa nanunua chakula cha mchana cha sisi watatu na vocha ya simu yake. Walikubali hapo hapo. Wao pia pesa ya kula ilikuwa inawaishia, kumbe tulikuwa tunatafutana. Najua kuna watu watasema ni aibu kumlipa mtu akuhurumie. Huruma ya bure ipo, wale wanawake wa benchi walinipa maji, walinipa kanga, lakini huruma ya bure haiwezi kuamka saa kumi na moja kila siku kwa wiki zote hizo. Makubaliano yanaweza.

Luganda sijui zaidi ya kusalimia, na benchi zote zinaongea Luganda. Kiswahili Kampala ukikifungua watu wanakutazama kama umekuja kuwakamata, bado wanadhani ni lugha ya wanajeshi, hata baada ya baraza la mawaziri kukipitisha kuwa lugha rasmi 2022. Lakini huo uanajeshi ulinisaidia! Askari wa getini alikuwa mzee aliyestaafu jeshi, nilipomwambia shikamoo afande alicheka mpaka meno ya nyuma, kuanzia hapo akawa ananielekeza kila kitu. Ndo alinionya pia juu ya wale vijana wanaozubaa nje ya geti, mmoja alikuwa ameshanifuata anasema anajua daktari ndani na ataisukuma faili yangu kwa pesa kidogo. Mtu peke yake anaonekana, wanakuona unavyozungusha kichwa. Tembea kama unajua unakokwenda hata kama hujui, halafu uliza mtu aliye nyuma ya dirisha ama aliyevaa yunifomu.

Mara moja kwa wiki nilikuwa napata dripu ya kemo, dawa ya kuua kansa, pamoja na mionzi. Hapo ndo utajua una mkono mmoja. Dripu inachukua masaa, maji mengi yanaingia na yanataka kutoka, na kabla yake damu lazima ipimwe waone figo na chembe za damu ziko sawa, majibu yakichelewa dripu nayo inachelewa. Siku hizo nilikuwa nanunua chakula jana yake na begi nilikuwa nalifunga kwenye mguu wa kitanda kwa leso. Kichefuchefu kikija unamwambia nesi, usikae kimya ati unavumilia. Homa vilevile, usiimeze na Panadol chumbani peke yako, rudi hospitali siku hiyo hiyo, kama ni usiku piga simu mtu akupeleke. Mimi nilikuwa na namba ya boda mmoja mzee anayelala mtaa ule ule, nilimlipa mapema kidogo ili asizime simu.

Ngozi ya sehemu inayopigwa, maji tu, hakuna kusugua, hakuna losheni ya kunukia, na zile alama wanazokuchora usizifute. Mnubi kuambiwa aache marashi wiki zote hizo, acheni tu.

Idd ilinikuta huko. Nilitamani sana kurudi nyumbani, hata nilishauliza nauli, wajukuu walikuwa wanapiga simu. Musawo mmoja akanikalisha chini akanieleza kwamba ugonjwa huu matibabu yote, mionzi ya nje ya mashine na ile ya ndani nitakayoieleza mbele, yanatakiwa kuisha ndani ya wiki 8 hivi, ukirukaruka siku zile chembe za kansa zinapata nafasi ya kumea tena na kazi iliyofanyika inapungua nguvu. Mwenye atendanti labda angesukumwa na mtu wake abaki, mi nilijisukuma mwenyewe. Nikaswali msikitini, nikaenda Bombo nikala pilau, jioni nikarudi chumbani, kesho yake saa mbili niko kwenye benchi na chupa yangu ya maji.

Mahali ambapo peke yako haiwezekani ni ile mionzi ya ndani. Wanaingiza vyombo kule kule kwenye shingo ya kizazi, unapewa dawa ya kukutuliza, ukitoka kichwa kinazunguka na miguu haikusikii. Pale nilihitaji mtu wa kweli wa kunishika mkono mpaka kitandani na kukaa na mimi mpaka asubuhi, na hiyo siku msichana wa Lira alilala kwangu, shangazi yake ndo alimtuma bila mimi kuomba. Kwenye fomu mahali pa ndugu wa karibu niliandika namba ya kijana, na chini yake namba ya yule mama. Kijana yuko Juba, simu ikilia saa tisa usiku atafanya nini toka kule?

Kwa hiyo mkiniuliza mtu asafiri peke yake ama angoje, mimi nasema inategemea anaenda kufanyiwa nini. Mionzi ya nje, kliniki, vipimo, aende, asingoje mtu, akatafute wa kugawana naye atendanti siku ya kwanza kabla hajaanza kuchoka manake ukishachoka hata kuongea na mtu mpya ni mzigo. Kama anaenda kukatwa operesheni, ama damu imepungua mpaka hatembei vizuri, ama ni mtoto, hapo familia iuze mbuzi mtu wa pili apande basi. Na wale wa familia msitume pesa tu mkadhani mmemaliza, mpangiane nani anapiga simu siku gani, kwetu walikuwa wananipigia wote Jumapili halafu Jumatatu mpaka Jumamosi kimya.

Sasa hivi niko nyumbani, narudi tu kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu. Mimi na mama wa Lira tuliomba tuandikiwe tarehe moja, yeye anafika jana yake na anachukua chumba, mi nakuja na samaki wa Pakwach. Yule msichana haji tena, ameenda kusoma unesi.