Unaitamani BeOS? Soma kwanza kilichozipata nyimbo za mjomba

Juzi nilikuwa dukani kwa fundi wangu, Kariakoo, tunabishana kuhusu BeOS, mfumo endeshi wa kompyuta wa zamani uliokuwa mbadala wa Windows, kama wenzetu wanavyobishana Simba na Yanga. Kijana mmoja aliyekuja kubadilishiwa kioo cha laptopu akadakia: “Kaka, huo mfumo nimeuona kwenye video. Siku hizi mrithi wake anaitwa Haiku. Nataka niuweke leo leo.” Nikamuuliza ana kompyuta ngapi. Ni hiyo hiyo moja, na kazi zake zote za chuo zimo humo. Fundi akacheka. Mimi nilishindwa, maana nimewahi kuwa huyo kijana.

Kwa asiyeijua: BeOS ilitengenezwa na kampuni ya Be, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Jean-Louis Gassée baada ya kuondoka Apple. Mwaka 1996 Apple ilikaribia kuinunua, bei ikawashinda kukubaliana, ikaenda kuinunua NeXT ya Steve Jobs. Mwaka 2001 mali za Be zikauzwa kwa Palm kwa dola milioni 11, hadithi ikaishia hapo. Toleo la 5 la mwaka 2000 lilikuwa na chapa ya bure, na hiyo ndiyo iliyonifikia mimi: ilikuwa kwenye sidii iliyobandikwa kwenye gazeti la kompyuta la Ulaya, nililonunua la mtumba kwa wauza vitabu wa pembeni ya barabara, Posta.

Kompyuta yangu ilikuwa Pentium II yenye RAM ya MB 64. Windows 98 ukiiwasha unaweza kwenda kuinjika chai na kurudi. BeOS ilikuwa tayari kabla hujafika mlangoni. Unacheza muziki, unafungua video mbili na bado kipanya hakikwami. Wengi wetu tunaoikumbuka huanzia hapo, kwenye kasi, na sidhani kama ndipo penyewe. Simu ya bei ya chini leo inaishinda ile Pentium mara nyingi mno. Kilichonishika mimi ni mfumo wake wa mafaili, yaani utaratibu wa kuyapanga na kuyahifadhi kwenye diski, uitwao BFS.

Uliandikwa na Dominic Giampaolo na Cyril Meurillon, na jambo la kwanza unalolithamini ukiwa Dar ni kwamba haukuogopa umeme kukatika. Mnakumbuka mgao wa 2006. Upande wa Windows 98, umeme ukirudi unakaribishwa na ScanDisk, programu ya kukagua diski, unakaa unaangalia mstari ukijaa taratibu. BFS ilikuwa na daftari lake: kabla ya kupanga upya majina na nafasi za mafaili, inaandika kwanza inachotaka kufanya. Umeme ukikatika katikati, ukiwaka inasoma daftari, inamalizia, basi, unaendelea na kazi. Ila mashabiki wenzangu, tusitie chumvi. Daftari lile lililinda mpangilio wa diski, si maneno uliyokuwa unayaandika wakati huo. Barua ambayo hukuihifadhi ilikwenda na maji kama kwa jirani yako wa Windows.

Jambo la pili ni sifa. Faili la BFS lingeweza kubeba taarifa nyingi nje ya jina, ukubwa na tarehe. Barua pepe ilikuwa faili moja, na aliyeituma, kichwa cha habari na kama umeshaisoma vyote vilikuwa sifa za faili hilo. Mtu kwenye orodha yako ya anwani naye alikuwa faili. Ukilifungua ndani halina kitu, kila kitu kiko kwenye sifa. Kabrasha ungeligeuza likawa kama jedwali, ukabofya safu na kuandika papo hapo. Kisha unauliza: nionyeshe zenye sifa hii na hii. Jibu linakuja hapo hapo, na ukiacha dirisha wazi, faili jipya linalofaa linajitokeza lenyewe. Giampaolo baadaye alikwenda Apple na kufanya kazi kwenye Spotlight, kwa hiyo wenye Mac wameonja kidogo.

Sasa nyimbo. Mjomba wangu wa Magomeni alikuwa na kaseti za muziki wa dansi zimejaa makasha mawili ya viatu. Kwa miezi kadhaa nilizipitisha kwenye kompyuta moja moja. Mafaili niliyapa majina ya haraka, “kaseti14-B-03”, kwa sababu taarifa zenyewe, yaani bendi, mwimbaji, mwaka na alikorekodi mjomba, niliziandika kwenye sifa. Nyimbo 412. Niliringa nazo sana. Mgeni akija namfungulia Juwata zote, au Mlimani Park zote.

Njiani nikakanyaga mwiba wa kwanza. BFS hutafuta kwa haraka kupitia faharasa, na ukitaka kutafuta kwa sifa uliyoibuni mwenyewe lazima uitengenezee faharasa kwanza. Mimi niliitengeneza nikiwa nimeshaandika nyimbo mia na ushee. Zile za mwanzo hazikuonekana kwenye jibu lolote, kwa sababu faharasa hairudi nyuma kukusanya ya zamani. Ilibidi niziandike upya. Anayejaribu Haiku leo aanze na amri ya mkindex kabla ya kujaza chochote, na akisahau, ipo amri ya reindex ya kumwokoa.

Mwiba wa pili ndio ulioingia mpaka kwenye mfupa. Diski ilianza kujaa nikaamua kuifuta patisheni ya BeOS, yaani ile sehemu ya diski niliyoitengea. Nikanakili nyimbo zote kwenda upande wa Windows, uliokuwa ukitumia mfumo wa mafaili wa FAT32. Nikafungua wimbo, unapiga. Nikafungua wa pili, unapiga. Nikafomati. Wiki ile ile nikataka kumpigia mgeni Juwata, nikakuta “kaseti14-B-03” na wenzake 411, uchi kabisa. FAT32 haina mahali pa kuweka sifa za BFS. Ilikuwa imepokea muziki na kuziacha taarifa zangu mlangoni, nami nikazifuta kwa mkono wangu. Makava ya kaseti yalikuwa yameshatupwa.

Nilikwenda Magomeni na spika ndogo, nikamsimulia mjomba. Alinyamaza kidogo, akasema, “Weka huo wa kwanza.” Nikauweka. “Huu ni NUTA, bado haijawa Juwata. Sikiliza hiyo tarumbeta.” Bendi ile imebadili jina mara kadhaa, NUTA, Juwata, OTTU, mpaka Msondo Ngoma, na yeye huzitenganisha kwa sikio. Tukaanza upya hivyo, Jumapili moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kioo, Haiku ijaribu. Ni kazi ya watu wa kujitolea iliyoanza 2001 kwa jina la OpenBeOS, na toleo lake la tano la majaribio lilitoka Septemba 2024. Lakini usiguse diski ya laptopu. Iandike kwenye flashi ya GB 8 uiwashe kutoka huko, au iweke ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine. Usishangae waifai ikikataa kuonekana. Inategemea kadi uliyo nayo. Kama una programu za zamani za BeOS unazotaka kuziendesha, chukua Haiku ya biti 32, maana ile ya biti 64 haiziendeshi.

Ukitaka kutoa mafaili humo kwenda mahali pengine, yafunge kwanza kwa zip ukiwa ndani ya Haiku yenyewe. Zip yake hubeba sifa, na ukiifungulia tena kwenye diski ya BFS unazikuta. Ukiifungulia Windows hutazikuta, kwa hiyo usije ukafungua, ukafurahi na kufuta zip. Mimi siku hizi natoa pia orodha ya sifa zote kwenye faili la maandishi ya kawaida, lile ambalo hata simu inalisoma.

Na wewe mwenye diski ya zamani ya BeOS iliyolala kabatini tangu enzi zile: usiiwashe kila siku kwa kuionea hamu. Tafuta adapta ya IDE (plagi ya diski za zamani) kwenda USB, Kariakoo bado zipo ukiuliza vizuri, chukua nakala nzima ya diski mara moja kwa programu ya ddrescue, kisha fanyia kazi ile nakala. Linux inaweza kusoma BFS lakini haiandiki. Haiku ndiyo inayoielewa vizuri zaidi, sifa na yote.

Jambo hili halikufa na BeOS, msije mkajisahau. Lebo za rangi unazoweka kwenye Mac ni sifa za aina hiyo hiyo, na flashi ya FAT32 haijui kuzihifadhi ndani ya faili. Picha ukiituma WhatsApp kama picha inafika bila tarehe na mahali ilipopigwa. Itume kama hati. Muziki andikia taarifa ndani ya faili lenyewe, kwa lebo za ID3, na jina la faili liwe na bendi na wimbo hata kama litakuwa refu kama treni. Mimi nilidharau majina marefu. Nilidhani ni mambo ya watu wasio na BeOS.

Nyimbo zimebaki 32 zisizo na jina. Mbili kati yake mjomba anadai si za Tanzania kabisa, ni za Wakongo waliokuwa wakipiga hapa mjini, na shangazi anambishia. Jumapili narudi Magomeni na spika.