Chuo cha wavuvi wa Lummi kinatoa shahada kwa mamlaka ya nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa taaluma katika chuo kimoja hapa Tanzania. Kazini kwangu, chuo kisichotambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, si chuo. Nimesoma kwamba watu wa Lummi, kabila la wavuvi katika jimbo la Washington huko Marekani, wana chuo chao kinachotoa shahada, na hawakuomba kibali cha jimbo. Shahada hizo zimesimama juu ya nini? Na kwa nini kila anayeeleza habari za chuo hicho huanza na haki ya kuvua samaki? Sioni mambo hayo yanakutana wapi.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Yanakutana kwenye mkataba mmoja, kwa hiyo na mimi naanza na samaki.

Tarehe 22 Januari 1855, Walummi na makabila jirani walitia saini Mkataba wa Point Elliott na Isaac Stevens, gavana wa Washington wakati huo, ilipokuwa bado haijawa jimbo. Waliachia ardhi kubwa mno. Kuvua hawakuachia: mkataba unasema wataendelea kuvua katika maeneo yao waliyoyazoea, pamoja na raia wengine.

Hapa wengi huteleza, wakasema serikali iliwapa haki ya kuvua. Kwetu pwani mtu anaweza kuuza kiwanja akabakiza minazi yake. Ukimkuta anaangua madafu, huwezi kusema mnunuzi amempa minazi, maana minazi haikuuzwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka jambo hilohilo mwaka 1905, katika kesi ya wavuvi wa kabila la Yakama waliozuiwa na akina Winans, wenye ardhi kando ya mto, kufika sehemu zao za kuvulia kwenye mto Columbia. Ilisema mkataba haukuwa wa kuwapa wenyeji, yaani watu wa makabila ya asili, haki. Wao ndio waliotoa, na ambacho hawakutoa kilibaki chao.

Kujitawala nako ni katika vitu ambavyo havikuuzwa. Kabila la Lummi lilipotoa hati ya kuanzisha chuo mwaka 1983, lilitumia mamlaka liliyokuwa nayo kabla jimbo la Washington halijazaliwa. Ndiyo maana ukitafuta kibali cha jimbo hukioni.

Lakini uhusiano wenyewe ni wa karibu zaidi ya hapo. Kwa miongo mingi jimbo liliwakamata wenyeji waliovua nje ya mipaka ya maeneo yao yaliyotengwa. Billy Frank Jr. wa kabila la Nisqually alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na hiyo haikuwa mara ya mwisho. Tarehe 12 Februari 1974 Jaji George Boldt wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba maneno "pamoja na raia wengine" maana yake ni kugawana: makabila yana haki ya kuvua hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa wapitao katika maeneo yao ya asili. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu iliuthibitisha msingi wa uamuzi huo.

Nusu hiyo inajulikana sana. Mimi wanafunzi wangu wa sheria ya elimu huwapeleka kwenye sehemu nyingine ya hukumu, ambapo Boldt anataja masharti ya kabila kusimamia uvuvi wake lenyewe bila jimbo kuliingilia. Anataka serikali ya kabila iliyopangika, orodha rasmi ya wanachama, walinzi waliofunzwa, na wataalamu waliobobea katika sayansi ya uvuvi, wa kwao au wa kukodi. Lisome tena sharti hilo la mwisho. Hukumu ya samaki imegeuka kuwa hukumu ya elimu ya juu! Asiye na mtu wa kuhesabu salmoni atategemea hesabu ya mwingine, na mwenye hesabu ndiye anayeamua msimu ufungwe lini.

Walummi walikuwa wamekwisha kuliona hilo. Mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya hukumu, walianzisha shule ya ufugaji wa samaki kufundisha mafundi wa vituo vya kutotolesha vifaranga vya samaki na chaza. Shule hiyo ndiyo iliyopata hati ya chuo mwaka 1983, na mwaka 1989 ikaitwa Northwest Indian College. Leo inafundisha shahada ya sayansi ya mazingira, na ina matawi katika makabila mengine, Nisqually likiwa mojawapo.

Sasa upande wa kazi yako. Hati ya kabila inakiweka chuo hai, lakini haimlazimishi mtu wa nje kuiamini shahada. Kazi hiyo ni ya ithibati, yaani uthibitisho wa ubora wa chuo, ambayo Marekani hutolewa na tume zisizo za kiserikali zinazotambuliwa na wizara ya elimu ya taifa. Chuo hiki kilipata ithibati mwaka 1993, na ya kiwango cha shahada ya kwanza mwaka 2010. Tume inadai baraza la chuo liamue mambo ya taaluma bila kushurutishwa, na wakati huohuo wajumbe wa baraza hilo huteuliwa na baraza la kabila. Wapo wanaoliona hilo kuwa doa. Mimi silioni. Kwetu Rais ndiye anayemteua mkuu wa chuo kikuu cha umma, na hatusemi kwa sababu hiyo kwamba seneti haina uhuru. Cha kuchunguza ni nani anapitisha mitaala na matokeo.

Linaloniumiza ni fedha. Sheria ya mwaka 1978 inayovisaidia vyuo vya makabila huhesabu wanafunzi wa makabila ya wenyeji peke yao. Jirani asiye wa kabila akiketi darasani, ruzuku hiyo haimhesabu, na chuo kinamfundisha hivyohivyo. Mamlaka yasiyo na bajeti huchoka, na sheria hii inawachosha watu waliotimiza kila sharti walilowekewa.

Kwa hiyo cheti chao kikifika mezani kwako, usikirudishe kwa kukosa muhuri wa jimbo. Tazama mwaka kilipotolewa na kiwango cha tuzo, ulinganishe na miaka ya ithibati niliyokutajia, kisha mwelekeze mwombaji TCU kwa utambuzi wa tuzo za nje kama unavyofanya kwa mhitimu wa chuo kingine chochote cha Marekani.